Jiko Jipya na Sufuria za Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa binamu yangu wa Wendani jiko la gesi la mama kabla sijajaribu lile jipya.

Leo nimeaibika, jamani. Mbele ya wamama tisa wa chama cha mama, kile cha kuweka akiba.

Wiki tatu nimesoma maoni ya wateja mtandaoni kuhusu majiko ya umeme, yale ya kioo, bapa kama sinia. Nilichora jedwali. (Ndiyo, na rangi.) Jiko moja wateja wa Ujerumani wamelisifu, wa Kanada karibu walie kwa furaha. Nikaagiza kwenye duka moja la Ruiru, likaletwa jana jioni.

"Karis, kwa nini tusilijaribu kwanza?" mama akaniuliza.

"Mum, nyota tano!"

Leo chama kilikuwa kwetu Ngoingwa. Mwezi uliopita mama alimcheka Mama Shiru, jirani yetu, kwa kuwapa wanachama chai ya vuguvugu chama kilipokuwa kwake. Kwa hivyo chai ya leo ilikuwa lazima iwe moto.

Saa sita nikasimama jikoni kama mwalimu, wamama wamenizunguka. Nikawaahidi maji yatachemka kwa dakika mbili. Nikaweka sufuria. Nikabonyeza.

Tii! Tii! Tii!

Likazima. Nikafuta kioo. Tii! Nikabadilisha sufuria. Tii! (Tuko nazo saba. Nilijaribu zote saba.)

"Labda linangoja salamu," akasema Mama Shiru.

Nikampigia muuzaji, sauti juu, ili wote wasikie akiumbuka.

"Boss, jiko lako ni bovu!"

"Umeweka sufuria gani?"

"Hizi za kawaida tu, za alumini."

Akaangua kicheko. "Boss, hilo hupasha moto chuma kinachonasa sumaku tu. Alumini haliioni kabisa. Si imeandikwa kwa boksi?"

Imeandikwa. Juu kabisa. Herufi kubwa. (Nadhani Wajerumani hawapiki na sufuria zetu. Hakuna hata mmoja aliyelalamika.)

"Haiya! Wiki tatu anasoma, na boksi hakusoma!" Mmoja wa wamama akasema hivyo, akicheka mpaka akaketi kwenye gunia la viazi.

Mama Shiru akang'oa sumaku ya pambo kwenye mlango wa friji, akapima kila chombo kama daktari. Ikanasa kimoja tu: kikaango cha chapati. Basi chai ya wamama tisa imechemkia hapo, vikombe viwili viwili, na mpishi ni mimi.

Mama alionja ya mwisho. "Ina mafuta kidogo," akasema. "Lakini nyota tano."

Sasa sumaku iko mfukoni mwangu, na kabla sijanunua kitu cha jikoni, namuuliza mama kwanza.