Jasi Yangu Haiyeyuki

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kazi maabara. Tuko wawili kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, mimi na Kidomo, niliyemaliza naye shule. Atabaki mmoja. Nitabaki mimi, hilo halina mjadala, ingawa leo nilipoitwa jina niliona haya, akaniitikia Kidomo.

Daktari wa mifupa anatafuta kitu cha kujazia pengo pale kipande cha mfupa kilipopotea. Mimi nimepewa jasi, ule unga mweupe wa plasta. Kidomo, unga wa mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Tumefinyanga vidonge na kuvitia kwenye maji ya uvuguvugu, yaliyotengenezwa yafanane na ya mwilini. Kila asubuhi tunapima uzito.

Jumatano, 6 Machi
Jasi inayeyuka. Kidonge cha Kidomo kiko vilevile. Ameniuliza kama nilifinyanga jasi au sukari. Daktari alitazama namba zangu, akaguna. Ningemuuliza anagunia nini, ila nikajifanya naandika namba.

Sishindwi na ng'ombe aliyekufa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeazima rangi ya kucha ya shangazi, ile isiyoonekana. Alitaka kujua najipambia nani. Nikasema ni ya kazini. Akasema kazi za siku hizi zina raha.

Niliwahi kabla ya Kidomo. Nimekausha kidonge, nimekipaka mara mbili, nimekirudisha majini.  

Jumatatu, 11 Machi
Hakijapungua hata chembe. Kidomo amekikodolea macho. Nimepita mbele yake polepole, bila sababu, nikarudi.

Jumanne, 12 Machi
Daktari ametuita. Kumbe kijazio kizuri ni kama mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni. Mfupa mpya ukija, anaupisha. Akiondoka mapema, nafasi imepotea. Akigoma kuondoka, hakusaidia kitu. Cha Kidomo kinagoma. Changu kilikuwa kinampa matumaini, kisha ghafla kikagoma nacho.

Akakikwangua kwa ukucha. Ikabanduka ngozi nyembamba, inang'aa. Kidomo akasema hajawahi kuona jasi iliyotoka saluni. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakunja uso. Akasema nirudie jaribio, na nikiharibu tena, nafasi ni ya Kidomo. Na nisipoelewa niulize, hapa hakuna anayeng'ata.

Jumatano, 13 Machi
Sina la kuuliza. Nimeelewa vizuri sana: wanataka iyeyuke. Basi itayeyuka mpaka waombe radhi. Nimenunua siki ya kuimwagia.