Nanga ya Watu Wawili

Alhamisi, 6 Februari

Imrich anataka twende kuteleza na ski, zile mbao za miguuni, kwenye theluji ya Dolná Sihla Jumamosi, sisi watatu, asubuhi kwenda na jioni kurudi, kama zamani. Wiki ijayo anapasuliwa moyo. Daktari amemruhusu kupanda mara moja na kushuka polepole, ila asipigwe na baridi. Dada yake Žofia amelirudia hilo mara mbili kwenye simu. Mimi si kiziwi.

Jambo lenyewe ni nyumba yake ya mbao kule mlimani. Imrich hana mke wala mtoto. Žofia haitaki, anaogopa panya. Basi akifa itakwenda kwa rafiki. Marafiki tuko wawili: mimi na Koloman. Koloman ni seremala, mpole, husaidia watu bila kuombwa. Mtu wa hatari sana.

Mpango: nitaiponda nyumba kwa maneno. Nitasema paa limeoza, nguzo zimeliwa na wadudu. Imrich ataiona mzigo, nami kwa huruma nitajitolea kuubeba. Nimejipongeza kwa glasi moja.

Ijumaa, 7 Februari

Tatizo: nitampata wapi peke yake? Koloman humganda kama kupe. Jibu ni lifti. Pale hakuna viti, kuna nanga tu: chuma kinachoning'inia kwenye waya, watu wawili wanakiegemea kwa makalio, kinawaburura na ski zao hadi juu. Wawili, basi. Koloman atafuata nyuma na mtu asiyemjua.

Lakini njia ni fupi, na maneno yangu ni marefu. Nimekwenda kwa Lojzo, mwendesha lifti, na chupa ya slivovica, pombe kali aliyopika baba mkwe wangu kwa plamu zake mwenyewe. Huku kwetu hakuna mlango usiofunguka kwa chupa ya nyumbani. Dirishani mwake huona njia yote, basi tumekubaliana: nikivua kofia yangu nyekundu, anazima mashine. Nikiivaa, anawasha. Lojzo amesema hata mtoto angeiweza kazi hiyo.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya balaa.

Koloman alikuja na chai ya ramu, blanketi na soksi za akiba za Imrich. Kujipendekeza mchana kweupe! Kwenye foleni alikuwa ameshasimama ubavuni mwake. Nikamkanyagia ski kwa nyuma, akayumba, nikapenya. Imrich alicheka. "Bohuš, una haraka gani wewe? Mlima haukimbii."

Katikati ya msitu nikavua kofia. Lifti ikasimama. Mara ya kwanza maishani mpango wangu kunitii. Nikaanza: paa, nguzo, wadudu, kisima kinachoganda, jirani mgomvi. Imrich alisikiliza kila neno. Upepo ukaanza. Akasema midomo inamfa ganzi, tuachie nanga tushuke. Nikamwambia avumilie kidogo, nilikuwa bado sijafika kwenye bomba la moshi.

Nilipomaliza nikavaa kofia. Lifti haikusogea. Nikaivua, nikaivaa. Nikaipunga mpaka bega likauma. Kuachia nanga sasa hakuwezi, Imrich miguu ilikuwa imeshamfa ganzi. Ndipo nilipoliona kosa langu: chupa hutolewa baada ya kazi.

Imrich akasema, meno yakigongana, kwamba nyumba alishaniandikia mimi kwenye wosia tangu Krismasi. Alitaka kunipa habari hiyo leo, tukiwa juu kabisa, ndiyo maana akatuleta. Nilipata joto hadi vidoleni. Kisha akasema hawezi kumwachia rafiki yake gofu la nyumba. Jumatatu atabadilisha, ampe Koloman. Koloman paa halimtishi.

Nikamwambia paa si baya kiasi hicho. Akanipigapiga begani. "Usinionee huruma, mzee wangu. Umenisaidia sana."

Mbio zangu zote zimeishia ukingoni. Koloman ndiye aliyeachia nanga yake nyuma yetu, akashuka, akamkuta Lojzo amelala chumba cha mashine na chupa tupu, akawasha lifti mwenyewe. Imrich hakuteleza. Tulimshusha akiwa amefungwa blanketi. Supu ya kabichi aliyotupikia Žofia hakuigusa. Mimi nilikula sahani mbili.

Jumatano, 12 Februari

Imrich ana homa. Mapafu. Daktari hampasui mtu mwenye homa, kwa hiyo upasuaji umeahirishwa. Žofia ameniuliza ilikuwaje akakaa kwenye baridi muda wote ule. Nimemwambia lifti zina mambo yake.

Mwanasheria alikwenda kwa Imrich Jumatatu, mgonjwa akasaini kitandani. Hata homa haikumsahaulisha.

Jumanne, 18 Februari

Imrich amefariki alfajiri. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Nimelia jikoni mpaka mbwa akaja kuniwekea kichwa magotini. Sijui sasa nani ataniuliza nina haraka gani. Lojzo na ulevi wake ndio waliotuulia mtu, na nitamwambia usoni.

Jumamosi, 22 Februari

Mazishi. Ardhi imeganda, wachimbaji walitumia moto kuilainisha. Baadaye tulikula kwa Žofia, na glasi moja iliyojazwa ikawekwa mbele ya kiti cha Imrich. Hakuna aliyekikalia. Sikuweza kukitazama.

Koloman alinijia na macho mekundu. Alisema nyumba ya mlimani ni yetu sote, ufunguo niuchukue wakati wowote. Huyu mtu ana hila, sijui tu ni ipi.

Nikamvuta kando, nikamweleza kuhusu paa na wadudu. Alisikiliza kila neno, vilevile kama Imrich. Hana mke wala mtoto. Amekonda. Na kule makaburini nilimsikia akikohoa vibaya. Nimemshauri apate hewa ya mlima. Amenishukuru, amesema hakujua kama namjali hivyo. Jumamosi ijayo tunakwenda Dolná Sihla, sisi wawili.

Nimeshampigia simu Lojzo. Safari hii chupa ataipata baada ya kazi.