Badilisha Zote

Jumatatu, 1 Machi 1999

Leo nimeteuliwa! Na kampuni ya kompyuta ya ng'ambo, si mchezo. Vijay wa duka la kompyuta hapa Queensbury alijiandikisha kujaribu programu zao mpya za ofisi kabla hazijaanza kuuzwa. Wakamletea sidii mbili, moja kanipa mimi. Ina programu ya kuandika, ya hesabu na ya kuchora. Sharti ni moja tu: nikiona kosa, nilijaze kwenye fomu yao. Nilimwambia Vijay amempata mtu hasa. Makosa ya wengine nayaona toka mbali.

Hii ndiyo silaha niliyokuwa naingoja. Jumamosi ya tarehe 13 ni mkutano mkuu wa chama chetu cha Waswahili wa Queensbury, nami nagombea ukatibu. Katibu wa sasa, mwaka wa sita mfululizo, ni Ali Shaame. Mpemba, dereva wa basi, mtu wa tabasamu kwa kila abiria. Kumbukumbu za mikutano anaziandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino. Mwaka 1999!

Niseme ukweli, maana humu najisomea mwenyewe. Ukatibu nautaka sana. Kakamega nilikuwa karani wa shule, watu wakinipisha mlangoni. Hapa nasukuma vitanda hospitalini na jina langu ni "mate", ndivyo Waingereza wanavyomwita yeyote wasiyemjua jina. Tena kuna jambo dogo. Januari nilimwandikia Mama kwamba nimeshachaguliwa Katibu. Nilitangulia kidogo tu. Mama naye akatangaza kanisani. Sasa anataka nimpelekee karatasi ya chama yenye jina langu, mchungaji aisome mbele ya waumini.

Teresia, mke wangu, anasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia hii si njia, ni programu.

Jumanne, 2 Machi

Zamu ya hospitali ilikwisha mchana. Nimeiingiza programu kwenye kompyuta. Saa tatu nzima! Teresia alipika, akala, akaosha vyombo, mimi bado natazama kimstari cha buluu kikijaa.

Nikaandika sentensi ya kwanza: Ndugu wanachama, hamjambo. Mstari mwekundu chini ya kila neno! Kama daftari langu la darasa la tatu. Programu haijui Kiswahili, na badala ya kunyamaza kama mgeni mwenye adabu, inasahihisha wenyeji. Nikajaza fomu hapo hapo: "Kosa la kwanza. Programu yenu inadhani lugha ya mamilioni ya watu ni kosa la tahajia."

Kosa la pili ni baya zaidi. Hati ikizidi kurasa tatu, ukijaribu kuipitia kuanzia juu, skrini inaganda. Kipanya kinakufa. Inabidi uzime kila kitu uanze upya. Nikampigia Vijay. Akasema niandike tu mbele kwa mbele, nisirudi nyuma, na ile mistari myekundu niizoee. Nikamuuliza sasa nitasomaje nilichokiandika. Akasema ndiyo maana inaitwa ya majaribio.

Mistari nimeizoea ndani ya nusu saa. Siioni tena.

Alhamisi, 4 Machi

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nimekwenda kwa Ali Shaame kwa sura ya upole. Nikamwambia chama kinastahili kumbukumbu za mwaka mzima zilizochapwa kwa kompyuta, kila mwanachama apate nakala yake kwenye mkutano mkuu, na mimi najitolea. Mpango wenyewe: watu washike karatasi, waulize nani kafanya kazi hii, waambiwe ni Elkana.

Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka! Alinipa daftari kwa mikono miwili, akashukuru, akaniombea kheri, akanifungia na visheti vya mkewe. Teresia kavila vyote, sasa anasema Ali ni mtu mzuri. Mgombea mzima nimehujumiwa jikoni kwangu kwa visheti.

Jumapili, 7 Machi

Nachapa kwa vidole viwili. Mabega yanauma. Roho inauma zaidi.

Ali yuko kila mahali! Anajiandika "Ali" tu, bila Shaame, eti unyenyekevu. Ali alifungua mkutano. Ali alileta viti. Ali alimtembelea mgonjwa. Ali alipatanisha wanachama wa Ilford. Nami? Nimejitafuta daftari zima. "Elkana alichelewa." Ukurasa wa pili: "Elkana alichelewa tena." Hakuna neno kuhusu hotuba yangu ya Agosti, iliyochukua dakika hamsini.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kikao cha Oktoba! Ali alipoteza ufunguo wa ukumbi, watu arobaini wakanyeshewa, na kama fidia akaahidi kuosha sufuria zote za chama hadi Desemba ya mwaka huu. Kayaandika mwenyewe, kwa mkono wake. Mjinga mwaminifu! Ukurasa huo, wa tano, nimeuchapa kwa herufi nene na kuuzungushia kisanduku, asije mtu akaupita bila kuuona.

Jumatano, 10 Machi

Nimegundua kitu kikubwa.

Ndani ya programu kuna kidirisha. Unaiambia neno la kutafuta, unaiambia neno la kuweka badala yake. Chini kuna kitufe kimeandikwa kwa Kiingereza, ila maana yake ni Badilisha Zote.

Nilikaa nikikitazama kitufe kile. Hivi kweli, nani anakumbuka viti vya Juni vililetwa na nani? Viti vilifika, basi. Nani anakumbuka aliyefungua mkutano? Ulifunguka. Kumbukumbu ni za chama, si za mtu mmoja.

Tafuta: Ali. Weka: Elkana. Nikabonyeza.

Kompyuta ikatafakari, ikajibu: mabadiliko mia sita na kumi na mbili. Mia sita na kumi na mbili! Nilijua jamaa anajipenda, lakini kujitaja kiasi hicho kwenye daftari moja? Na watu wanamwita mnyenyekevu.

Sikuipitia hati, maana ingeganda. Nimeipeleka kwa Vijay kwenye diski, katoa nakala thelathini na tano, nikabana pini mwenyewe. Teresia akaniuliza kama nimesoma kabla ya kuchapisha. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia jina langu nalijua, sina haja ya kulisoma.

Jumamosi, 13 Machi

Ukumbi ulijaa. Nilivaa suti ya harusi. Nilifika mapema, kwa mara ya kwanza, nikagawa nakala mwenyewe kila kiti. Watu wakazipapasa. Karatasi nyeupe, pini imenyooka. Ali Shaame akanipongeza mbele za watu. Nikainamisha kichwa kama Katibu.

Mwenyekiti wetu ni Gakii, muuguzi, mwanamke asiyecheka kazini. Akasimama kusoma kumbukumbu kwa sauti ili zithibitishwe. Akaanza: "Elkana Elkanafungua mkutano." Akasita. Nikadhani ana mafua. Akaendelea: "Elkana Elkanasema kwamba Elkanafurahi." Watu wakaanza kupekua kurasa. Gakii akavaa miwani. Akasoma ya Agosti: "Baada ya hapo wanachama wElkanakula wElkana."

Nikanyakua nakala ya jirani. Mungu wangu! Kila alisema, kila alikuja, kila walikwenda. Kiswahili kizima kina Ali ndani yake! Nani aliyeunda lugha hii? Wali wa watu umekuwa wElkana. Mali ya chama ni mElkana ya chama. Hata mvua kali ilikuwa mvua kElkana.

Thérèse, yule dada wa Bukavu anayetupikia, akainua mkono kwa heshima zote. "Eh, Papa Elkana, tulikukula lini? Mie siku ile nilikulaka ndizi tu."

Hapo ukumbi ukabomoka. Mzee mmoja alianguka na kiti. Gakii alicheka! Gakii! Nikasimama, nikaeleza kwamba programu ni ya majaribio, kwamba kampuni ya ng'ambo inafahamu, kwamba kosa la kwanza na la pili nimekwisha yaripoti. Gakii akafuta machozi, akauliza kama kuna anayeunga mkono kumbukumbu zithibitishwe au zirudishwe zikaandikwe upya.

Ali Shaame akasimama. Hakucheka. Akasema kumbukumbu ni amana, na yeye anaziunga mkono zote kama zilivyoandikwa. Hasa ukurasa wa tano.

Wote wakafungua ukurasa wa tano. Haikuwa kazi kuupata: herufi nene, na kisanduku. Elkana Elkanapoteza ufunguo. Elkana Elkanaahidi kuosha sufuria zote za chama hadi Desemba.

Mikono ikapanda yote. Imethibitishwa.

Kura za ukatibu: Ali thelathini na moja, Elkana moja. Ile moja ni yangu. Mkono wa Teresia niliuona juu kwa Ali, kwa macho yangu. Anasema alidhani wanahesabu wanaotaka chai.

Jumapili, 14 Machi

Jana sikumaliza. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

Niliosha sufuria saba. Ile ya pilau ilikuwa na ukoko wa kujengea nyumba. Nilikuwa nimeinama ndani yake, nikimfikiria Mama na kanisa lake zima, nikasikia mtu kachukua taulo nyuma yangu. Ali Shaame. Akaanza kukausha. Tukafanya sufuria tatu. Ya nne akaniambia, "Bwana Elkana, miye wino wangu umechoka. Mashine hii hapana anayeiweza ila wewe. Njoo uwe naibu wangu."

Nilidhani ananidhihaki. Alikuwa kesha sema na Gakii! Wakaniita mbele na aproni yangu, Gakii akawauliza watu, watu wakapiga makofi. Naibu Katibu Elkana. Ali akaiandika pale pale kwenye daftari lake, kwa wino, jina langu likiwa bado bichi. Thérèse akanipa sahani ya wElkana, ndivyo atakavyouita wali mpaka kufa kwake.

Nilifurahi. Naandika wazi: nilifurahi mpaka nikasahau kuvua aproni. Kazi yangu ya kwanza ni kuchapa kumbukumbu za mkutano wa jana. Nimemwahidi Ali kwamba safari hii sitabadilisha hata nukta.

Jumatano, 17 Machi

Barua ya Mama imefika jana. Karatasi iko wapi? Mchungaji kesha tenga Jumapili. Shangazi zangu wanatoka Bungoma kuja kusikia.

Nimeifikiria Naibu. Ni cheo kizuri. Lakini Mama alitangaza Katibu, siyo Naibu, na mtu hawezi kuishusha cheo familia yake mbele ya madhabahu. Tena kumbukumbu zenyewe, nimezichapa kwa uaminifu, zinasema Ali kura thelathini na moja, Elkana moja. Mchungaji ana sauti kubwa.

Basi nakala ya Mama, moja tu, nimeitengeneza kidogo. Ile ya wanachama siigusi. Ahadi ni ahadi.

Vijay alinionyesha kitu Jumatatu. Ndani ya kile kidirisha kuna kisanduku kidogo: tafuta neno zima tu. Kumbe! Kosa halikuwa langu hata kidogo, lilikuwa la kisanduku. Nimekitia alama. Wali utabaki wali.

Na safari hii sichukui cha mtu bure. Tunabadilishana tu, kiungwana. Penye Ali pawe Elkana, penye Elkana pawe Ali. Mimi Katibu kwa kura thelathini na moja, yeye Naibu kwa kura moja. Hatua ya kwanza: Ali wote wawe Elkana. Mabadiliko kumi na tisa. Hatua ya pili: Elkana wote waliomo, wa zamani na wapya, wawe Ali. Mabadiliko arobaini na moja! Zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Kompyuta imeanza kunizoea.

Karatasi imetoka kwa Vijay ikiwa ya moto, ikaingia bahasha moja kwa moja. Teresia akauliza kama nimeisoma. Nikamwambia mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Akaenda kuchemsha chai. Nadhani ilimwingia.

Nimeiposti kwa ndege kabla ya zamu. Leo nimesukuma vitanda nikipiga mluzi. Namwona mchungaji anafungua bahasha. Namwona Mama benchi la mbele, na kile kitambaa chake cha kijani, shangazi huku na huku, amemshika kila mmoja mkono, anangoja lisomwe jina la mwanawe.

Jioni nimejaza fomu ya kampuni. Mahali pa makosa nimeandika: hakuna.