Kisu Changu, Ala Yangu

Jumatano, 3 Julai 2024

Leo Clever wa bodaboda ameninyima pikipiki. Mimi! Luqmani, mtu ninayechinjia mbuzi nusu ya mji huu!

Kisa ni kisu. Nilikuwa natoka Kanazi, nimekichomeka kiunoni, kimezungushiwa gazeti kama siku zote. Tulipofika stendi ya Ngara nikashuka, na sponji ya siti ikachungulia nje. Nilimwambia Clever siti ilikuwa imechoka kabla hata sijaikalia. Akasema kama siti imechoka, basi na yeye amechoka, na hatanibeba tena mpaka kisu changu kivae nguo.

Kivae nguo! Bodaboda wote wakacheka. Nikaenda nyumbani kwa miguu, kichwa juu.

Nyumbani nako balaa. Shemeji Taufiki, kaka yake mke wangu Mwanne, kakaa barazani anakunywa chai yangu. Naye ni mchinjaji. Ana ala mpya ya kisu kutoka Mwanza: ngozi nyeusi, mshono wa mistari miwili, kifungo cha shaba. Anafungua, ta! Anafunga, ta! Mwanne akaniambia nitazame ala ile ilivyo nzuri. Nikatazama birika.

Kungekuwa na ala tu, ningevumilia. Lakini Mzee Amri, mchinjaji mkuu wa soko letu, mkono wake umeanza kutetemeka na anataka kupumzika. Amesema atakayechinja ng'ombe wa walima wa mjukuu wake, Jumapili huko Nyamigogo, Biharamulo, ndiye atakayemwachia nafasi. Tuko wawili tu wa kuchaguliwa. Mimi na huyo wa ta-ta.

Jioni nilimpa Mzee Amri shikamoo yangu kwa adabu zote. Akaitikia marahaba, akaliangalia lile gazeti kiunoni, akauliza kama ninakwenda kuchinja au kusoma habari.

Nimeapa. Kufika Jumapili nitakuwa na ala ambayo Taufiki akiiona ataomba maji ya kunywa.

Alhamisi, 4 Julai

Asubuhi kwa Celestini, fundi viatu. Akakipima kisu, akakisifu, akasema nikiache kwake mpaka wiki ijayo. Nikamweleza walima ni Jumapili. Akasema basi ningekuja wiki iliyopita. Jeuri! Nikachukua kisu changu nikaondoka.

Sokoni nikapata ala ya panga, mtumba, ngozi nzuri. Panga ni refu, kisu changu ni kifupi, lakini mtu mwenye akili hashindwi na urefu. Nikaikata. Urefu ukakaa sawa, upana ukagoma. Kisu kilikuwa humo ndani kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Kila nikipiga hatua: kacha, kacha! Watu wakageuka. Nilidhani wanaitazama ala.

Nikainama kuchagua vitunguu. Kisu kikatoka chenyewe, kikasimama wima ardhini karibu na kidole gumba cha Bonifasia, yule mama anayeuza ndizi. Bonifasia akasema mambo mengi kwa Kihangaza. Kwa bahati mbaya nakijua Kihangaza vizuri.

Sikati tamaa. Nimechomoa sponji kidogo kwenye godoro, nimeishindilia ndani ya ala. Kisu kimetulia tuli. Akili ni mali! Mwanne anauliza kwa nini upande wake wa godoro umebonyea. Nimemwambia magodoro siku hizi hayatengenezwi kama zamani.

Ijumaa, 5 Julai

Hakuna aliyeniambia kwamba sponji inakunywa.

Asubuhi nilichinja mbuzi, nikapangusa kisu harakaharaka, nikakirudisha kwenye ala. Kufika saa ya swala ya Ijumaa nilikuwa na msafara wa nzi. Kwa heshima ya msikiti nikaining'iniza ala nje kwenye uzio. Nilipotoka, kisu kilikuwa kimelala kwenye majani, na ng'ambo ya barabara mbwa alikuwa anaitafuna ala yangu macho yamefumba, kama mtu aliyealikwa.

Nikamfukuza. Akanikimbia nayo. Waumini wote wakaona. Taufiki akauliza kama siku hizi nalisha mbwa ngozi. Nikamjibu kwamba sadaka haichagui mlaji.

Nilipofika nyumbani nikakaa na kisu mapajani. Kilikuwa cha marehemu baba. Baba alichinja kwa kisu hiki maisha yake yote, na mpini umelika mahali alipokuwa akiweka kidole gumba. Changu kinakaa hapohapo. Kisu hiki kikose nafasi kwa ajili ya kifungo cha shaba? Sikubali!

Ndipo nikaliona bomba la maji, lile la plastiki, lililobaki fundi alipotengeneza bafu. Plastiki hainywi damu. Mbwa hali plastiki. Nimelala nikitabasamu.

Jumamosi, 6 Julai

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimepasua bomba, nimelipasha juu ya jiko la mkaa mpaka likalegea kama chapati. Nikalikunja juu ya kisu, nikalibana katikati ya mbao mbili, nikapanda juu ya mbao na kusimama. Mwanne akatoka nje akikohoa, akauliza nachoma nini. Nikamwambia nachoma ujinga wa watu.

Lilipopoa, ajabu! Plastiki imekishika kisu kama ngozi inavyoshika mwili. Nimetoboa matundu kwa msumari wa moto, nimetia mkanda, nimezungushia mpira wa tairi la baiskeli ili ipendeze. Ukisukuma kisu ndani kinalia ka! Hiyo ta ya Taufiki ni ya kitoto.

Kukitoa kulihitaji mikono miwili na goti. Mwanne akasema, "Baba Fathiya, hiki kisu hakitoki."

Nikamwambia kazi ya ala ni kushika.

"Na kazi ya kisu je?"

Mwanne hajui ufundi. Hata hivyo nikapaka mafuta ya kupikia, kisu kikatoka bila goti. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini karibu na mpini niliona uwazi mdogo, wa kupita unywele. Taufiki angeuona. Nikarudisha kisu ndani, nikaipasha ala tena kidogo, nikaikanyaga tena kidogo. Uwazi umekufa.

Jioni nikaenda stendi. Clever akaipapasa ala, akaigonga kwa kucha, akanipandisha kwenye pikipiki. Tumezunguka mji mzima. Siti salama! Sikujaribu kukitoa kisu. Kisu hakichomolewi mbele za watu kwa kujionyesha.

Jumapili, 7 Julai

Naandika kwa sababu mwanamume haogopi kuandika.

Tulitoka Ngara alfajiri kwa pikapu ya Mzee Amri, mimi na Taufiki nyuma juu ya magunia ya mchele. Nyamigogo tulipokewa vizuri. Masufuria mekoni, turubai limetandwa, watoto wanakimbizana. Mzee Amri akaigusa ala yangu na kusema, "Umejitahidi, kijana." Mimi, kijana! Nikajiona nimeshamaliza kazi.

Akatangaza kwamba nitaanza mimi, kwa kuwa nimemzidi Taufiki umri. Taufiki akasema ni haki, akasogea pembeni na kunitakia kheri. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote.

Ng'ombe dume mweusi, mnene. Wakamfunga miguu, wakamlaza kuelekea kibla. Mzee mmoja wa hapo, Juvenali, akamshika pembe. Mimi nikasimama nimekificha kisu, maana si adabu kumwonyesha mnyama kisu kabla ya wakati. Nikachuchumaa. Nikasema Bismillahi. Nikavuta.

Wapi!

Nikavuta tena. Ala ikaja na kisu. Mkanda ukaja na ala. Mimi nikaja na mkanda.

"Toa basi!" Juvenali akasema.

"Natoa!"

"Mbona sikioni?"

Nikasimama, nikaikanyaga ncha ya ala, nikavuta kwa mikono miwili. Jua la Biharamulo, mafuta yaliyokauka, sijui ni nini. Juvenali akageuka kuwaambia wenzake, kwa lafudhi ya huko, "Ara imekataa!" Neno likapita mpaka kwa wanawake mekoni: ara imekataa, ara imekataa! Nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Mkanda ukakatika. Nikabingirika kinyumenyume, kisu bado ndani ya ala, ala mkononi, suruali magotini.

Watu wakacheka. Na mtu anayecheka hawezi kushika kamba. Ng'ombe akajinyoosha, akasimama, akaondoka na Juvenali aking'ang'ania pembe. Walipita chini ya turubai, wakatoka upande wa pili na khanga ya shangazi wa bwana harusi ikipepea kwenye pembe, wakaingia migombani. Juvenali hakuachia. Lazima nimsifu. Alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, lakini alirudi na ng'ombe.

Walipomlaza tena, nilikuwa bado navuta, kwa meno. Mzee Amri akanishika bega. Akamwangalia Taufiki.

Ta! Bismillahi, Allahu Akbar. Mkono mmoja, kwisha.

Pilau nilikula. Sikususa. Nisuse kwa nini? Ng'ombe hakunikosea.

Wakati wa kurudi Mzee Amri alisimamisha gari Nyakahura tukaswali, kisha akaniita kando. Nafasi ni ya Taufiki. Mimi nikitaka, nitachuna ngozi, kwa sababu kuchuna hakuna haraka. Nikasema nimesikia. Njia nzima nilitazama vumbi tulilokuwa tunaliacha nyuma. Taufiki alinipa koti lake, upepo ulikuwa mkali. Nililikataa. Baadaye nikalichukua, lakini sikulifunga vifungo.

Jumatatu, 8 Julai

Mji mzima unajua. Nimepita stendi, mtu mmoja akajifanya anavuta kitu kiunoni, mwingine akaanguka chini. Wana muda wa kuchezea.

Mwanne aliichovya ala kwenye maji ya moto, plastiki ikalegea, kisu kikateleza nje kama samaki. Alikipangusa, akakiweka mezani mbele yangu, akanimiminia chai. Afadhali angenicheka.

Sichuni ngozi mimi. Mtoto wa mchinjaji hachuni ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa na shemeji yake. Nimemwambia Mwanne hivyo. Akasema kaka yake jana, kabla hajala, alimwomba Mzee Amri nifanye kazi naye. Nikamwambia asinichanganye.

Jumanne, 9 Julai

Taufiki amekuja. Kapiga hodi kama mgeni, wakati siku zote huingia tu. Akasema Ijumaa wanaletwa ng'ombe wengi na peke yake hatawaweza. Ameshazungumza na Mzee Amri, na Mzee Amri amekubali: tuchinje wote wawili. Akasema pia kwamba mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, na kila mchinjaji mjini anajua hilo. Alikuwa anatazama chini.

Kisha akanipa ala. Ni ile aliyokuwa akiitumia kabla hajapata ya Mwanza. Ngozi ya kahawia, imelainika, mshono mzima. Nikatia kisu cha baba. Kikaingia bila kelele. Nikakivuta kwa vidole viwili, kikatoka. Nikatikisa ala kichwa chini, kikatulia. Mwanne akapiga makofi. Nikamwambia Taufiki ahsante, na ahsante ilikuwa ya kweli. Tukanywa chai. Nikamwongezea sukari bila kuombwa.

Alipoondoka nikabaki naitazama ala. Nikatia kisu, nikatoa. Nikatia, nikatoa. Kitu kizuri, sikatai. Lakini Taufiki hana jicho la ufundi, na kasoro niliiona mapema: kisu kinatoka kirahisi mno. Mtu akikutana na mwizi je? Na barabara zetu hizi za mashimo?

Bomba lilikuwa limebaki kipande. Jiko lilikuwa na moto. Nimetia plastiki kwa ndani, kuta zote mbili, nikapiga misumari midogo, nikakunja ncha za misumari zisiniumize, nikaibana kwenye mbao na kupanda juu.

Sasa kisu kimekaa imara. Nimejaribu kwa goti, nimejaribu kwa mlango, nimemshikisha Mwanne upande mmoja, mimi nikavuta upande mwingine. Hakitoki!

Ijumaa watanitambua.