Kriketi na Paa la Mama Mkwe

Jumamosi, 15 Agosti
Siku tano tu! Alhamisi Pakistan inaanza mechi ya Test na Uingereza, huko huko Uingereza. Siku tano za kriketi, kuanzia saa saba mchana. Hapa Mbita shabiki ni mimi peke yangu. Niliambukizwa na tajiri wangu wa zamani, mzee mwenye hardware kule Migori. Majirani hunicheka, eti mchezo gani wa siku tano na huenda asishinde mtu? Hawajui utamu. Wasiwasi wangu ni mmoja: mpigaji wetu wa kwanza, wa Pakistan, ana kidole gumba kilichovimba.

Jioni, wasiwasi wa pili. Mke wangu Phelesia amenikumbusha kwamba Alhamisi hiyo hiyo tunaezeka nyumba ya mama yake, kisiwani Mfangano. Waume wa mabinti wote, siku nne. Nyumba ya zamani inavuja mpaka kitandani. Niliahidi mwenyewe, mbele ya watu. Mjinga mimi!

Jumapili, 16 Agosti
Nimepata! Malaria. Nani atampandisha mgonjwa juu ya paa? Nilianza kutetemeka kanisani, wakati wa matangazo. Nilitetemeka vizuri mno, nikaangusha kitabu cha nyimbo. Phelesia akanishika mkono hadi nyumbani. Moyo uliniuma kidogo. Nikaufunika kwa blanketi.

Jumatatu, 17 Agosti
Elkanah amepiga simu. Huyu ni mume wa dada mkubwa wa Phelesia, ana pikipiki tatu na maoni kuhusu kila kitu. Amesema kwa huruma nipumzike, yeye atafanya kazi ya watu wawili. Na sifa za watu wawili atachukua! Nilikohoa kwa hasira. Phelesia akauliza ni malaria gani hii ya kukohoa. Nimeacha kukohoa.

Kidole gumba: hakuna habari.

Jumanne, 18 Agosti
Balaa! Mama mkwe mwenyewe ameshuka kwenye boti ya asubuhi, pamoja na akina mama watano wa kanisa lake. Ametangaza kwamba kuezeka kumeahirishwa mpaka nipone. Chumbani hakuingia, maana mama mkwe hamtazami mkwe wake kitandani. Aliweka kiti nje, chini ya dirisha langu, akaomba kutoka huko. "Nyasaye, huyu ni kijana yangu. Kama unataka mtu, mimi nimezeeka, chukua mimi." Akalia.

Mimi chini ya blanketi nikasema amina. Na nakiri hapa, pasipo na mtu wa kunisikia: wakati huo nilikuwa nakiombea kile kidole gumba. Aibu iliyoje! Hata kalamu inaona haya.

Ameniletea kuku aliyekuwa amewekewa waezekaji. Nimemla. Mtamu.

Jumatano, 19 Agosti
Akina mama wamelala sebuleni na hawana haraka. Wanaimba. Televisheni wameifunika kwa leso. Nikiendelea kuugua, sioni hata mpira mmoja. Nikipona, napanda paa.

Asubuhi kumenyesha. Nilimsikia mama mkwe dirishani akimpigia simu jirani yake wa Mfangano, amsogezee kitanda pasipovuja. Akasema si kitu, kwanza mkwe apone. Hapo nikashindwa. Nikatoka nje, nikasema nimepona. Nilitaka kusema ukweli wote, mdomo ulishafunguka! Lakini vigelegele vilinitangulia. Muujiza! Jumapili nitatoa ushuhuda kanisani kwao.

Phelesia hakupiga kigelegele. Alikwenda tu kuondoa leso kwenye televisheni. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Agosti
Mfangano. Nimeomba kazi ya juu kabisa, kupigilia mabati ya kileleni. Elkanah ameduwaa. Mama mkwe ameita majirani waone: jana mkwe wake hawezi kusimama, leo ndiye wa kwanza kupanda. Amenipa kofia yake ya jua na kunibariki mbele ya wote. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimeapa sitamdanganya tena mama huyu, maisha yangu yote.

Saa saba kasoro dakika kumi. Naandika nikiwa juu ya paa. Kidole gumba kimepona, mpigaji wetu anacheza! Na huku kileleni mtandao wa simu unashika kuliko popote kisiwani. Shida ni nyundo, kelele zake zinamfunika mtangazaji wa mechi simuni. Lakini nimeshawaambia walio chini kwamba kizunguzungu kinanirudia kidogo, kwa hiyo kila misumari miwili nitapumzika.