Saa za Moto na Saa za Majivu

Jumatatu, 11 Agosti

Nimegundua kwa nini nilishindwa muhula uliopita. Nilikuwa nafanya kazi sahihi kwa saa zisizofaa.

Maarifa haya yaliletwa na Bi Ruth Anyiko, mgeni aliyetuhutubia shuleni siku ya kufunga. Alisema kila mtu ana saa za nguvu na saa za uchovu. Kazi kubwa ipewe saa za nguvu, kazi ndogo isubiri uchovu. Mimi niliandika kila neno. Natasha, jirani yetu tunayesoma naye, alikuwa safu ya nyuma akimsuka mtu nywele.

Nimejichunguza. Asubuhi mimi ni Moto. Karibu na mchana ni Vuguvugu. Baada ya chakula ni Majivu matupu.

Jumapili Mwalimu Obiero atatupa mtihani, mimi na Natasha. Atamchagua mmoja aende Kisii kwa mashindano ya hesabu wiki inayofuata. Nafasi ni moja. Katika boma letu hakuna aliyewahi kushindania kitu, isipokuwa Shangazi Gladys, naye aligombea uweka hazina wa kwaya. Naitaka sana nafasi hiyo.

Ratiba iko tayari. Moto: hesabu. Majivu: kuchuma chai, maana haihitaji akili. Mama aliuliza nani amesema haihitaji akili. Alisema anayechuma bila akili huleta kuni nyumbani.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi nzuri ajabu. Milinganyo yote imekubali.

Natasha alipita na kikapu mgongoni, akaniuliza kama naumwa. Nilimweleza kwa upole kuwa niko kwenye Moto. Akasema huko shambani pia kuna moto, unaitwa jua, na anataka kuuwahi kabla haujapanda.

Nilichuma wakati wa Majivu, kama ilivyopangwa. Nilipofika kituo cha chai lori la kiwanda lilikuwa limeondoka. Nyamongo, karani wa mizani, alinisalimu "Bwakire", salamu yetu ya asubuhi, huku jua likishuka. Kina mama waliokuwa wakikunja magunia walicheka hadi wakaketi.

Nilirudi na kikapu kilekile. Mama alisema chai hiyo nitainywa mwenyewe, mbichi.

Kosa si la ratiba. Ni la lori.

Jumatano, 13 Agosti

Majani ya jana yameamka mekundu kama udongo. Mama ameamuru chai ichumwe asubuhi, na hataki kusikia habari za Bi Ruth.

Nilimwendea Nyamongo nikamwomba lori lisogezwe mbele kidogo, liendane na saa zangu. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema atamfikishia dereva ombi langu, na dereva atalifikisha kiwandani. Mama mmoja aliuliza kama naweza kusogeza na mvua pia, ana mahindi ya kuanika.

Alhamisi, 14 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Niliungoja Moto. Haukuja. Bi Ruth hakusema lolote kuhusu mvua.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya maandalio. Sisi ni Waadventista, kwa hiyo kila kitu cha Sabato lazima kiwe tayari kabla jua halijazama: chakula kimepikwa, nguo zimefuliwa, kuni zimeletwa. Mama alikwenda Keroka kuuza ndizi, Baba akaenda kwa mikutano yake. Nyumba ikawa chini yangu.

Nafasi ya dhahabu ya kuonyesha ratiba inavyofanya kazi. Moto wote niliutumia kwa hesabu. Mambo ya nyumbani ni kazi ndogondogo, nikayaweka kwenye Majivu. Majivu yalipofika niliketi kando ya jiko kidogo, nijikusanye.

Niliamshwa na wimbo. Mama na Baba walikuwa mlangoni wakiikaribisha Sabato. Jua halikuwepo. Maharagwe yalikuwa yangali mawe. Nguo zilikuwa kwenye beseni, kavu.

Nilinong'ona kwamba naweza kuwasha moto haraka tu, pengine Mungu yuko upande wa Kericho bado. Mama alinitazama, akaanza ubeti wa pili.

Tulikula ndizi mbivu. Baba aliomba kwa kirefu, akiwataja wote wanaosinzia katika nyakati hizi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilisahau kuwa Mama alimwalika Mzee Angwenyi wa kanisa, pamoja na mkewe, kwa chakula cha mchana.

Ndizi mbivu na maziwa baridi. Mzee alikula kwa heshima, kisha akauliza kama familia yetu imeanza mfungo. Mkewe alisema hapana, ni mambo ya afya, binti yake wa Nairobi hula hivyohivyo. Mama alicheka kwa meno peke yake.

Wageni walipoondoka aliniita kwa sauti ya upole. Nikaogopa. Alisema kesho nitafua kwanza, nguo zote na mablanketi pia. Nikimaliza niende kwenye mtihani wangu. Nilisema huo ni wakati wangu wa Moto. Akasema vizuri, mablanketi yanahitaji nguvu.

Sijakata tamaa. Nitafua mapema sana, nifike shuleni na kaa moja likiwa bado linawaka.

Jumapili, 17 Agosti

Nilifua kabla jogoo hajamaliza kuwika. Mikono ilitoka myeupe, imekunjamana kama ya nyanya. Nikakimbia hadi shuleni bila kunywa uji.

Lango limefungwa. Mlinzi, Mzee Obwocha, aliuliza nani ameniambia mwalimu anakuja asubuhi. Hakuna. Kwetu Jumapili ni siku kama Jumatatu, watu wako shambani. Sikufikiria kwamba Mwalimu Obiero ni Mkatoliki. Yuko Misani. Baadaye atakula chakula kwa akina Natasha, kwa sababu Natasha pia ni Mkatoliki. Parokia nzima ilijua mtihani ni mchana. "Ungemuuliza tu, mwanangu," mzee alisema, akanipa nusu ya parachichi lake.

Nilikaa juu ya jiwe nikiona Moto ukipita. Vuguvugu nalo likapita. Mwalimu na Natasha walifika pamoja katikati ya Majivu, wanang'aa mafuta ya kuku.

Maswali ya mwanzo niliyameza. Kisha likaja la tangi lenye mifereji miwili. Nilifumba macho nilione lile tangi vizuri.

Mwalimu aligonga dawati. Kalamu yangu ilikuwa imechora mstari mrefu hadi nje ya karatasi.

Alisahihisha palepale. Alisema, "Kemuma, mpaka swali la tano hakuna kosa hata moja. Baada ya hapo sijui umeandika lugha gani." Natasha ameshinda. Mimi ni wa akiba.

Natasha alinisindikiza. Tukavuka mto. Alisema nisingelala ningemshinda, na hakusema kwa kunicheka. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefikiri kwa makini na nimeridhika. Ratiba haikuwa na kasoro. Ilipewa mtu mwenye mablanketi.

Natasha ndiye anayeihitaji sasa, maana anatuwakilisha sote. Asubuhi nimempelekea ratiba yake mwenyewe. Nilimchunguza njiani jana na inaonekana yeye ni Majivu asubuhi, Moto usiku. Mama yake alisema upuuzi huo usivuke mlango wake. Natasha alisema tujaribu, huenda ratiba ndiyo iliyonifanya mwepesi kwa maswali ya kwanza.

Ameanza leo leo. Mchana kutwa nimemsikia mama yake akimwita, hajaitika hata mara moja. Analala, kama nilivyoandika.

Mwalimu Obiero ametuma neno kwamba wa akiba aendelee kujiandaa, anaweza kuitwa wakati wowote. Sioni kwa nini niitwe. Natasha ananifuata neno kwa neno.