Kompyuta ya Dirisha la Dawa Imeanika Jipu Langu

Kwako Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu,

Pokea heshima zangu kabla hujapokea malalamiko yangu. Huenda hunijui kwa sura, lakini hospitali yako inanijua, maana bila mimi ingefungwa zamani. Ule mwaka bomba la maji lilipopasuka mbele ya maabara, na mafundi watatu wakabaki wameshika viuno, ni mimi niliyelikalia lile tundu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na maji yakatulia. Mtaani wananiita Mjomba, hata wazee walionizidi umri. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha.

Sasa nije kwenye jambo. Tangu mwezi uliopita daktari haandiki tena dawa kwenye karatasi. Anabonyezabonyeza kompyuta, kisha anakuambia, "Nenda dirishani, utaikuta." Mheshimiwa, nimelitafakari jambo hili kwa siku nyingi nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu nitakazozieleza, na nimeona madhara yake ni haya:

1. Mgonjwa anatoka mikono mitupu. Zamani ukitoka kwa daktari na karatasi yako mkononi, mtaa mzima unajua huyu anaumwa. Wanakupisha njia, jirani anakupa pole, shemeji anakusogezea kiti, hata kama hukuwa na mpango wa kukaa. Juzi nimepita na homa yangu mwilini bila karatasi, fundi viatu akaniita nimshikie kiatu apige msumari.

2. Mwandiko wa daktari ndio uliokuwa siri ya mgonjwa. Ule mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino haukuwa uzembe, ulikuwa kufuli. Uidondoshe karatasi sokoni, aiokote mkeo mwenyewe, haambulii kitu. Ufunguo alikuwa nao mfamasia peke yake. Leo kompyuta inaandika herufi nene, nyeusi, zilizonyooka, na kioo chake wamekigeuza kumwelekea mgonjwa, eti ahakikishe jina lake. Tangu lini mtu mzima akahakikishiwa jina lake?

3. Hapa naomba usome ukiwa umekaa, maana wewe unaweza. Nilikuwa nimewaeleza watu wote kwamba nachechemea kwa sababu nilimzuia fahali aliyekata kamba. Nilimshika pembe, nikamsemesha, akanielewa, ila wakati wa kuagana akaniparua kidogo kwa nyuma. Habari ilikuwa imekaa vizuri na watoto walishaanza kuisimulia wenyewe. Jumanne nikaenda dirishani. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo fundi viatu, alikuwepo shemeji yangu ambaye ana wivu na mimi tangu harusi, na alikuwepo mama mkwe wangu, mama ninayempisha njia nikiwa hatua ishirini. Ndipo ile kompyuta ikaonyesha mambo yangu, na yakasomwa kwa sauti kubwa, polepole, silabi kwa silabi: jipu, kalio la kushoto, sindano tano. Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio. Kisha shemeji akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama yule fahali alikuwa na pembe moja au mbili.

Na ujue, Mheshimiwa, kalio hilo ndilo lililoliokoa bomba lenu.

4. Kompyuta haina huruma. Karatasi hulowa, hupeperuka, hufuliwa ndani ya mfuko wa shati. Mbuzi wa jirani peke yake amenilia karatasi tatu za sindano. Miaka kumi na moja hakuna karatasi yangu ya sindano iliyofika dirishani, na mimi sikumlaumu mtu, nilijua ni mipango ya Mungu. Sasa naambiwa sindano zangu zimo humo ndani zinanisubiri. Baada ya Jumanne hiyo nilikaa nyumbani siku tatu nikidhani zitachoka. Siku ya nne ujumbe ukaingia kwenye simu ya mke wangu. Narudia, ya mke wangu. Akanisindikiza mwenyewe, amenishika mkono kama mwizi. Ujumbe wa simu hata mbuzi hauli.

5. Tukiendelea hivi, mwanamume hatakuwa na siri. Asiye na siri hana kauli, na asiye na kauli haheshimiwi na wakwe. Wakwe wakikosa heshima, ndoa zitavunjika, watoto watatawanyika, na hospitali yako itabaki na kompyuta zinazotibiana zenyewe.

Kwa hiyo naomba karatasi zirudishwe. Ikishindikana, kompyuta ifundishwe mwandiko mbaya. Na hilo nalo likishindikana, hospitali iajiri mbuzi. Ninaye mmoja wa kumpendekeza, ana uzoefu.

Nisalimie madaktari wote, wauguzi, mlinzi wa getini, na yule mama wa usafi aliyenipa mto wa kukalia. Bomba nalo lipe pole.

Ni mimi, mtetezi wa makaratasi,
Mjomba

Niliyosahau: Barua hii niliiandika kwa mkono mara mbili. Ya kwanza imefuliwa. Ya pili karani wako aliirudisha, akisema mwandiko hausomeki. Ndiyo maana mpwa wangu ameichapa na kukutumia kwa kompyuta, na ananiambia itafika kabla sijamaliza chai. Naona kifaa chenyewe si kibaya sana. Jipu pia limepona, sindano zote tano zimeingia.

Ila mpwa wangu alikuwepo kwenye ile foleni, na amegoma kuituma barua mpaka niandike hili. Yule binti wa dirishani hakusoma kitu. Alinigeuzia kioo na kuninong'oneza, "Mjomba, hakikisha jina lako." Aliyesoma kwa sauti ni mimi, ili foleni ijue nimefika darasa la sita.